Naombeni ushauri: kupiga gitaa la klasiki ndani ya galeri ya picha, chumba kina mwangwi balaa

NyuziSita:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu hasa nyie wapigaji na mafundi sauti mliopo humu, maana usingizi sina leo siku ya tatu.

Mimi nipo Dar, napiga gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalopigwa kwa kucha bila piki, huu mwaka wa tisa. Nimezoea kupiga kanisani na sebuleni kwa watu, wasikilizaji ishirini thelathini basi. Sasa kuna galeri moja imeniita, wana maonyesho ya picha ya mwezi mzima, wachoraji wanne, na mwenye galeri anataka nipige usiku wa ufunguzi, saa nzima, mimi peke yangu. Hii ndo mara ya kwanza mtu ananilipa nipige muziki wa watunzi kama Bach na Tárrega, siyo harusi, siyo kusindikiza kwaya, kwahiyo nataka iende vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya na gitaa.

Jana nimeenda kuangalia chumba. Ni mita 12 kwa 8, dari ipo juu kama mita 4, sakafu ni simenti iliyong'arishwa, kuta nyeupe za plasta, mbele kuna kioo kikubwa, na viyoyozi viwili. Viti wanavyo 60. Nimepiga kofi moja tu pale katikati, lile kofi limezunguka mle ndani mpaka nikainua macho kuangalia dari. Nikatoa gitaa nikajaribu La Catedral, kipande cha mtunzi Barrios, ile sehemu ya mwisho yenye mbio, noti zote zikawa uji, yaani mimi mwenyewe niliyelishika gitaa sisikii ninachopiga. Mwenye galeri akasema usijali tutaleta spika. Moyo wangu unakataa kabisa, nimeshasikia gitaa la nailoni kwenye spika za harusi, linakuwa kitu kingine.

Kwahiyo, niweke spika au nisiweke? Nikae wapi? Na programu nibadilishe au niende nayo hivyohivyo, nina masomo (vipande vya mazoezi) matatu ya mtunzi Sor, Recuerdos de la Alhambra ya Tárrega, Prelude ya Bach ya selo ile ya kwanza (nimeihamishia ufunguo wa D), halafu hiyo La Catedral. Naomba mnisaidie jamani.


MchovyaRangi:

Mwanangu pole na hongera kwa pamoja. Mimi siyo mpigaji, mimi ni mchoraji, nina zaidi ya miaka ishirini naning'iniza picha kwenye kuta za watu, na nakujibu kabla mafundi hawajaja kwa sababu tatizo lako la kwanza halipo kwenye ukuta, lipo kwenye hilo neno UFUNGUZI.

Usikubali kupiga usiku wa ufunguzi. Usiku ule watu wamekuja kuonana. Wamesimama, glasi mkononi, wanasalimiana, mchoraji anazungushwa kwa wageni, kuna hotuba ya mgeni rasmi, kuna anayepiga selfi. Miaka ya nyuma kwenye ufunguzi wetu mmoja waliletwa vijana wawili, gitaa na filimbi, wakawekwa karibu na meza ya sambusa. Walipiga vizuri sana wale vijana, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao na sikusikia kitu zaidi ya midomo inayotafuna. Mmoja alikuwa ameinamisha uso muda wote. Niliumia kwa niaba yao na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu zilikuwa picha zangu ukutani na hakuna aliyeziangalia vilevile.

Muombe mwenye galeri usiku wako, wiki ya pili au ya tatu ya maonyesho. Milango inafungwa, watu wanakaa kwenye viti, vinywaji baada ya kupiga siyo wakati wa kupiga. Na yeye anafaidika, mwambie hivyo, maana wiki ya pili ndo galeri huwa tupu, watu wote wameshakuja siku ya kwanza. Akikataa kabisa basi mwambie utapiga dakika kumi za ufunguzi kabla ya hotuba, watu wakiwa bado na adabu, na shoo yenyewe iwe siku nyingine.

Lingine dogo, tafadhali usiegemeze gitaa wala kesi yake kwenye ukuta wenye picha, hata kwa sekunde. Na safu ya viti ya pembeni ikae angalau mita moja kutoka kwenye picha, mtu akirudisha kiti nyuma kwa nguvu anatoboa kanvasi.


FundiSauti_Temeke:

Naunga mkono mzee hapo juu, sasa tuje kwenye chumba.

Kwanza dada usiogope ulichosikia jana, chumba kitupu kinakudanganya. Na utafurahi kujua kwamba hesabu ya hili jambo ilizaliwa ndani ya jumba la sanaa. Mwaka 1895 pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wamefungua jumba linaitwa Fogg Art Museum, lina ukumbi wa mihadhara, na hakuna mtu aliyekuwa anaelewa mhadhiri anasema nini. Neno moja lilikuwa linabaki hewani sekunde 5 na nusu, sasa fikiria kwenye hizo sekunde mtu ameshasema maneno mengine kumi na tano. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Akawa anaenda usiku na wasaidizi wake, wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine unaitwa Sanders Theatre, wanaipanga mle ndani, anapiga bomba la kinanda analikata, anapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, wanaongeza mito, anapima tena, asubuhi wanarudisha mito yote kabla ya watu kuja. Kutoka kwenye ile mito ndo tukapata fomula tunayotumia mpaka leo.

Sasa tuitumie kwako. Ujazo wa chumba chako ni 12 x 8 x 4, mita za ujazo 384. Zidisha kwa 0.161 unapata kama 61.8. Hiyo unaigawa kwa unyonyaji wote wa chumba. Kuta, dari na sakafu jumla yake mita za mraba 352, simenti na plasta zinanyonya kidogo sana, tuseme asilimia 3, kwahiyo unyonyaji wako ni kama 10.6. Gawanya, unapata karibu sekunde 6. Ndo uji wako huo wa jana, upo palepale na ukumbi wa Harvard.

Lakini mtu mmoja aliyekaa na nguo zake ananyonya sauti kama dirisha lililo wazi la nusu mita ya mraba hivi. Watu 60 wanakuongezea 30. Sasa una 40.6, gawanya tena, sekunde 1 na nusu!! Hicho ni chumba cha gitaa kizuri sana, wapigaji wa nje wanatafuta hicho kwa tochi. Wakija 30 tu ni kama sekunde 2.4, bado inapigika ila La Catedral utaipunguza mwendo.

Kwahiyo ukienda kujaribu usiende peke yako, nenda na watu, na kama huwezi kukusanya watu azima magodoro ya sponji, hata nane au kumi, yasimamishe kwenye viti. Sabine alibeba mito, wewe beba magodoro. Na lile kofi lililokuwa linazunguka kama bawa la ndege, trrrr, hilo ni kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Tundika blanketi zito au pazia kwenye upande mmoja usio na picha, au lifunike lile dirisha la kioo, utaona linakufa.

Kuhusu kukaa: usikae ukuta mfupi kama wanavyopanga wote. Ukikaa katikati ya ukuta mrefu, viti vikakuzunguka nusu duara, mtu wa mbali anakuwa mita 6 au 7 kutoka kwako. Ukikaa ukuta mfupi yule wa nyuma yupo mita 10, na kadri mtu anavyokaa mbali anasikia chumba zaidi kuliko gitaa. Usiingie kwenye kona, besi itavimba. Acha mita moja na nusu nyuma yako.


bass_na_treble:

Mkuu heshima kwako ila gitaa la nailoni watu 60 bila maiki mimi nina wasiwasi, feni, bodaboda nje, mtu anakohoa. Maiki moja ya kondensa nzuri (ile inayonasa hata sauti ndogo), sentimita 50 kutoka kwenye gitaa ikiangalia pale shingo inapokutana na boksi, siyo kwenye tundu, na spika ndogo mbili sauti ya chini kabisa, hakuna atakayejua kama ipo. Nimefanya hivyo mara nyingi.


FundiSauti_Temeke:

Mkuu hiyo njia naikubali bustanini au kwenye chumba chenye mazulia. Chumba cha simenti spika inamwaga sauti kwenye kuta zilezile zinazotusumbua, kwahiyo unaongeza gitaa na uji kwa wakati mmoja, anayekaa nyuma anapata sauti kubwa ila haelewi zaidi. Hapo ni kusogeza watu karibu na kuua kelele za chumba. Kelele ndo adui, na adui namba moja ni kiyoyozi. Dada hivyo viyoyozi viwili vinanguruma kiasi gani? Ukizima chumba kinakuwaje?


NyuziSita:

Asanteni sana jamani, nimesoma hiyo hesabu mara tatu, nimeirudia mwenyewe kwenye daftari na imetoka hivyohivyo. Mzee MchovyaRangi shikamoo, nimempigia mwenye galeri asubuhi, kwanza alisita ila nilipomwambia habari ya wiki ya pili kuwa tupu akacheka akasema huyo aliyekwambia anaijua kazi. Amekubali Alhamisi ya wiki ya pili, tiketi kidogo, watu wakae.

Viyoyozi vinanguruma vibaya kimoja hasa. Vikizimwa chumba kinatulia kabisa ila joto ndugu zangu, mnaijua Dar.


FundiSauti_Temeke:

Fanya hivi, washa vyote tangu saa 10 jioni chumba kiwe baridi hasa mpaka kuta zipoe, watu wakishakaa zima. Piga dakika 25, pumziko dakika 15 washa tena, zima, piga dakika 25. Usilazimishe saa nzima mfululizo, viti vya plastiki na joto vitakunyang'anya wasikilizaji. Feni ya dari pia zima, ile hukata sauti ikawa inatetemeka. Na uliza jenereta lao lipo wapi, umeme ukikatika likawaka chini ya dirisha lako ndo basi tena.

Saa ya kuanza angalia msikiti wa karibu. Ukianza saa 2 na robo usiku Isha imeshapita na foleni imepungua, watu hawaingii katikati ya wimbo.


mwl_gitaa_Nrb:

Niaje dada, mimi ni mwalimu wa gitaa hapa Nairobi, nimechelewa kuingia lakini hebu niongeze kwa upande wa muziki wenyewe na chombo.

Chombo kwanza. Hizi gitaa zetu zinajengwa kwenye karakana zenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, wewe uko Pwani ambako asilimia 75, 80 ni kawaida, mbao ya juu inavimba na nyuzi zinapanda juu ya freti (vile vyuma vya shingoni). Halafu unaliingiza kwenye chumba cha kiyoyozi kikavu, na baada ya dakika kumi kiyoyozi kinazimwa. Ukilitoa tu kwenye kesi ukaanza kupiga, nyuzi zitakukimbia kila wimbo. Fika masaa mawili kabla, iache kesi imefungwa nusu saa, ifungue kifuniko kidogo, ndio utoe. Nyuzi mpya weka siku tano kabla, nailoni huvutika siku kadhaa ndio itulie, usiweke siku hiyo hata kama za zamani zimechoka. Taa pia, zile taa za galeri za kuelekezwa kwenye picha wakikugeuzia moja ikupige mkononi itapasha nyuzi na utakuwa umepanda na kushuka usiku mzima. Waambie wakupe mwanga laini kutoka pembeni, mkono wa kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie freti.

Sasa programu. Iko sawa lakini mpangilio ndio utakuokoa. Usianze na kitu cha mbio, hujui bado chumba kilichojaa kinasemaje. Anza na Sor moja ya polepole, sikiliza noti inakufa wapi, ndio ujue nafasi ya kuacha kati ya kishazi na kishazi. Bach ya D itapendeza sana pale, ule muziki uliandikiwa selo moja inayoimba sauti moja moja na chumba ndicho kinazijumlisha kuwa akodi (noti kadhaa kwa pamoja), sekunde moja na nusu inautosha. Recuerdos nayo inapenda mwangwi, zile noti za vidole vitatu zinaungana zinakuwa kama mtu anavuta pumzi ndefu, kwenye chumba kikavu makosa yote ya tremolo (huko kurudia noti moja harakaharaka) yanaonekana uchi. La Catedral weka mwisho wa nusu ya kwanza, mwendo upunguze kidogo, gumba lisizidi.

Halafu kwa vile uko katikati ya picha, kuna muziki wa gitaa uliotoka kwenye picha moja kwa moja. Castelnuovo-Tedesco, Mwitaliano aliyekimbilia Marekani 1939, mwaka 1961 alitunga vipande 24 vya gitaa kutoka kwenye michoro ya Goya, mchoraji wa Kihispania, ile Los Caprichos ya 1799 yenye michoro 80. Vipande hivyo ni vigumu, lakini viwili ukianza sasa utaviweza kwa shoo ya baadaye. Na wengi wanajua ile kazi ya piano ya Mussorgsky ya 1874 aliyoitunga baada ya kutembelea maonyesho ya rafiki yake Hartmann aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yamashita, Mjapani, aliigeuza yote ikawa ya gitaa moja akairekodi 1981. Sisemi uipige, hiyo ni milima, lakini isikilize ujue gitaa moja linaweza kujaza chumba cha picha.

La mwisho na hili nalisema kutoka moyoni. Maliza na kitu cha huku. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, akipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, akiimba Kiswahili. Masanga yake ni kazi ya gitaa kamili, ina sauti mbili zinazokwenda kila moja na njia yake kama Bach. Wanafunzi wangu wote hujifunza zote mbili mwaka mmoja na huwa siwaambii ipi ni ya darasani na ipi ni ya nyumbani.


NyuziSita:

Mwalimu umenigusa hapo mwisho, babu yangu alikuwa anaipiga Masanga jioni barazani Kigoma, nilijifunza kwa kumuangalia mkono kabla sijajua noti. Sikuwahi kufikiria inaweza kukaa programu moja na Barrios. Inaingia.

Leo nimeenda na watu 18 wa kwaya yetu na magodoro sita, kwa kweli ni chumba kingine kabisa!! Ila tumepata tatizo jipya. Nikishusha uzi wa sita kuwa D kwa ajili ya Bach, kila nikiupiga kuna kitu kinalia zzzz upande wa kushoto. Tumezunguka na sikio ukutani mpaka tukakipata, ni picha kubwa ya mama na ndoo kichwani, fremu yake inatetemeka kwenye ukuta. Noti nyingine hailii, D tu.


FundiSauti_Temeke:

D hiyo ni mitetemo kama 73 kwa sekunde na hiyo fremu bahati mbaya inapenda namba hiyohiyo. Ukiipandisha gitaa nusu noti utahamisha tatizo tu. Shughulikia fremu.


MchovyaRangi:

Marahaba mwanangu. Hiyo rahisi. Picha imening'inia kwenye msumari juu, chini inagusa ukuta kwenye kona mbili bila kukandamizwa, ndo inapiga ngoma hapo. Chukua kandambili iliyochakaa, kata vipande vinne ukubwa wa sarafu, gundisha nyuma ya fremu kona za chini viwiliviwili. Raba ile inashika ukuta na haiachi alama. Lakini mwenye kuigusa picha awe mchoraji mwenyewe au mwenye galeri, siyo wewe, hata kama una haraka.


NyuziSita:

Wakuu nimerudi, ilikuwa jana.

Walikuja watu 52 waliokaa na wengine saba wakasimama nyuma karibu na mlango. Nilikaa ukuta mrefu kama mlivyosema, blanketi mbili za bibi yangu kwenye kioo cha mbele, viyoyozi vikazimwa saa 2 na dakika kumi. Jamani ule ukimya. Sijawahi kuusikia ukimya wa watu hamsini. Sor ya kwanza nilipiga polepole kuliko nyumbani, nikawa nasikia kila noti inavyoenda mpaka ukutani na kurudi, na nikagundua sihitaji kupiga kwa nguvu kabisa, mkono wa kulia ukalegea wenyewe, ambalo ni jambo mwalimu wangu amelipigia kelele miaka mingi.

Kasoro zilikuwepo, Recuerdos nilipoteza kidole katikati ile sehemu inayogeuka kwenda kwenye ufunguo wa meja, nikarudi baada ya noti mbili tatu, na nusu ya pili joto lilipanda nikalazimika kutyuni mara mbili mbele ya watu. La Catedral ilieleweka, yote, hata ile mbio. Nilimaliza na Masanga, na wazee wawili wa mstari wa pili wakaanza kuiimba pamoja nami kwa sauti ya chini bila kuombwa na mtu, nikaipiga tena mwanzo mpaka mwisho kwa ajili yao.

Kitu ambacho sikukitegemea, tulipomaliza watu hawakukimbilia vinywaji. Walinyanyuka wakaanza kuzunguka kuangalia picha, taratibu, hawaongei kwa sauti, kama dakika ishirini hivi. Mwenye galeri amesema anataka tena kila maonyesho. Goya nimeshaagiza noti zake.

Na ile picha ya mama na ndoo imenunuliwa usiku uleule, mzee mmoja katika wale wawili walioimba ndo kaichukua. Mchoraji alitaka kubandua vile vipande vya kandambili nyuma ya fremu kabla ya kuifunga, mzee akamwambia aviache.